Watu Wazima Kwanza: Afya ya Akili ya Matineja wa Taita Taveta

Zamani katika vilima vya Taita, mtoto alipoandamwa na maradhi yasiyoeleweka, wazee hawakukimbilia kumchunguza mtoto. Waliuliza ni nani katika ukoo aliyefunga kinyongo moyoni. Pengine ni babu aliyevunjiwa heshima, pengine mjomba aliyenyimwa haki yake, pengine mama mzazi mwenyewe. Aliyeonekana kuwa na kinyongo alipiga funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kuita amani. Wadawida, yaani Wataita, huita ibada hiyo kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiona kuwa kiini cha dini ya Wataita, hata akaiandikia kitabu kizima kilichotoka mwaka 1978.

Si lazima mtu aamini kwamba kinyongo cha babu huleta homa ndipo aione hekima iliyomo. Tiba ya mtoto ilianzia kwenye moyo wa mtu mzima.

Siku hizi, Kenya na kwingineko, kuna juhudi za kuwafundisha watu wazima wa kawaida wawe msaada wa kwanza kwa matineja wenye shida za afya ya akili: walimu, wazazi, wahamasishaji wa afya ya jamii, viongozi wa dini, hata waendeshaji bodaboda. Wazo ni jema na ushahidi wake upo. Lakini likitekelezwa kama semina ya kumfunza mtu mzima namna ya kumrekebisha kijana, litaishia kwenye picha za pamoja na vyeti. Likianza na mtu mzima mwenyewe, na akawekewa wa kumshika mkono, litaokoa maisha.

Uzito wa mzigo

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kati ya kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kenya ina takwimu zake yenyewe. Utafiti wa kitaifa uliofanywa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na washirika wake, ukatolewa mwaka 2022, uliwahoji vijana wa miaka 10 hadi 17 majumbani mwao. Takriban 44 kati ya kila 100 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Waliotimiza vigezo vya kitabibu vya ugonjwa walikuwa 12 kati ya 100. Waliopata huduma yoyote ya kuwasaidia walikuwa wachache mno.

Namba hizo mbili zinastahili kutazamwa pamoja. Kwa hesabu ya haraka, kati ya 44 na 12 kuna vijana zaidi ya 30 katika kila 100 ambao hawajafika kwenye ugonjwa. Wana huzuni, wana hofu, hawalali vizuri, wanakasirika upesi, masomo yanawashinda. Hao hawahitaji wodi wala sindano. Wanahitaji mtu mzima aliyetulia, anayejua kusikiliza, kabla mambo hayajawa mabaya zaidi. Na wale 12 wanahitaji mtu mzima wa kuwatambua na kuwafikisha kwa mtaalamu.

Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671 katika sensa ya mwaka 2019. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti imo ndani ya mbuga za Tsavo, kwa hiyo watu wamebanwa vilimani na pembezoni mwa mbuga. Kijana wa Sagalla au Kasigau anajua maana ya kuamka alfajiri na kukuta shamba la mahindi limelazwa na ndovu, na karo imelala nalo. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 na kuendelea hadi 2023 uliwamaliza mifugo na kuwavunja moyo wazazi. Baba yuko kwenye machimbo ya vito au ametafuta kazi Mombasa, mama anaondoka gizani kwenda kibaruani kwenye mkonge, na mtoto analelewa na nyanya ambaye naye ana maumivu yake.

Voi nayo ina mambo yake. Ni mji wa njiapanda, mahali barabara ya Taveta inapoachana na ile kuu ya Nairobi na Mombasa, malori yanalala na wasafiri wanapita usiku kucha. Hela za haraka zipo, na majaribu ya haraka yapo. Mei 2024 kaunti za Pwani, Taita Taveta ikiwa miongoni mwao, zilichukua hatua ya kupiga marufuku muguka, aina ya miraa, kwa sababu ya vijana wanaouzoea, na suala hilo likaishia kwenye mivutano ya mahakamani. Amri zilizungumziwa sana. Swali ambalo halikuzungumziwa vya kutosha ni hili: kijana anayetafuna muguka tangu asubuhi ili asisikie kinachomuuma, nani amewahi kumuuliza kinachomuuma?

Badala ya kuulizwa, hupewa jina. Anayejitenga anaambiwa ana kiburi. Anayesinzia darasani ni mvivu. Anayelia bila sababu ana pepo, au karogwa. Kila jina la namna hiyo hufunga mlango ambao msaada ungeingilia.

Kwa nini jirani aanze

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kenya haina hata daktari bingwa mmoja wa magonjwa ya akili kwa kila watu laki moja, na wengi wao wako Nairobi, ambako hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910, bado inabeba mzigo wa taifa. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kuisogeza huduma karibu na wananchi. Lakini daktari hatengenezwi kwa sheria. Kwa familia iliyo chini ya mlima Kasigau, safari ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi ni nauli na kibarua cha siku nzima kilichopotea. Nani atafunga safari hiyo kwa mtoto ambaye "amenyamaza tu"?

Jibu la pili ni kwamba imejaribiwa, na imefanya kazi. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na nyanya 14 wa mtaa wa Mbare jijini Harare. Walifunzwa kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Hawakutumia maneno ya hospitali. Walisema *kufungisisa*, neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya walioketi na nyanya hao walikuwa takriban 14 kati ya 100. Kwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Uganda ilikuwa imetangulia. Katika wilaya za Masaka na Rakai, watu wasio madaktari waliongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16 katika vijiji, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha sonona ikipungua kwa kiasi kikubwa kuliko katika vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Karibu zaidi na kwetu, watafiti waliwafundisha watu wa kawaida kuwasaidia watoto yatima waliojeruhiwa na msiba, huko Bungoma na vilevile Moshi, mji ambao mtu wa Taveta huufikia kwa kuvuka mpaka tu. Matokeo ya mwaka 2020 yalikuwa na funzo la pande mbili: mwaka mmoja baadaye, watoto wa Bungoma waliohudumiwa walikuwa bado na nafuu kuliko wenzao, ilhali Moshi makundi yote mawili yalikuwa yamelingana. Maana yake ni kwamba njia ileile haizai matunda sawa kila mahali. Kinachofaa Bungoma hakina budi kupimwa upya Voi.

Kenya pia ina taasisi ya Shamiri, inayowatumia vijana waliomaliza shule ya upili hivi karibuni kuwaongoza wanafunzi kwa saa moja kila wiki, kwa wiki nne. Katika utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vikao hivyo kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Kwa hiyo "mtu mzima" wa kufaa si lazima awe na mvi. Anaweza kuwa kaka wa mtaani wa miaka 20.

Kinachofundishwa hasa

Tuchukue mfano. Kijana wa Kidato cha Tatu amerudishwa nyumbani kwa karo. Anapita kwenye kibanda cha shangazi yake mtaa wa Mwakingali mjini Voi, saa nne asubuhi, wakati wenzake wako darasani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa hizi?"

"Karo."

Shangazi asiyefunzwa ana majibu matatu tayari. Atasema sisi tulisoma bila viatu. Atasema vumilia, wewe ni mwanamume. Atasema muombe Mungu. Yote ameyasema kwa upendo, na baada ya la tatu kijana ameshajifunga.

Aliyefunzwa anamwaga chai vikombe viwili na kuketi upande wake, si mbele yake. "Siku hizi sikuoni ukicheka kama zamani," anasema. "Kuna kitu kinakulemea?"

"Niko sawa."

Hapo ndipo ujuzi ulipo. Hambani. "Haya. Mimi nipo. Hata tukinyamaza, tunyamaze pamoja." Mteja anakuja, anauziwa sukari, anaondoka. Chai inapoa. Kijana anasema bila kumtazama: "Shangazi, usiku silali. Wakati mwingine naona heri nisingekuwepo."

Sasa shangazi anauliza moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?"

Watu wazima wengi huogopa swali hilo wakidhani litampandikizia mtoto wazo. WHO imeeleza wazi kwamba kuuliza hakumsukumi mtu kujiua. Mara nyingi humpunguzia hofu, kwa kuwa hatimaye kuna anayejua. Jibu likiwa ndiyo, shangazi hamwachi peke yake. Hamwahidi kuitunza siri hiyo; anamwambia, "Hili tutalibeba na wengine, lakini nitakuwa nawe." Anahakikisha dawa za wadudu za shambani zimefungiwa mbali. Kisha anafuatana naye hadi hospitalini, siku hiyohiyo.

Hicho ndicho kiini cha mafunzo yote mazuri, hata yakiitwa kwa majina mbalimbali: tazama, sikiliza, unganisha. Aliyefunzwa hatoi dawa wala hatangazi jina la ugonjwa. Kuujua mpaka wa kazi yake ni sehemu ya kazi yenyewe.

Mahali mafunzo yanapokwama

Tusidanganyane, si kila mafunzo yamezaa. Huduma ya kwanza ya afya ya akili ilibuniwa Australia mwaka 2000 na ikaenea duniani. Walimu wa shule za Australia Kusini walipofunzwa, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta kwamba walimu wamejua mengi zaidi na wamejiamini zaidi, lakini afya ya akili ya wanafunzi wao haikubadilika. Uingereza ilifundisha walimu kuwaongoza maelfu ya wanafunzi katika mazoezi ya utulivu wa akili. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha wanafunzi hao wakiwashinda wenzao waliopata masomo ya kawaida. Elimu ikikaa kichwani mwa mwalimu bila kubadilisha anavyoishi na watoto, watoto hawaioni.

Afrika Kusini inatuonyesha njia nyingine. Katika jimbo la Eastern Cape, wanajamii wa kawaida waliendesha vikao 14 kwa familia 552 katika mpango ulioitwa Sinovuyo, mlezi na tineja wakihudhuria pamoja. Matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha vipigo na matusi vikipungua, na afya ya akili ya walezi wenyewe ikipata nafuu. Tanzania ikaichukua njia hiyo kwa jina la Furaha Teens na kuzifikia familia nyingi. Hapa mlezi hakufunzwa kumtibu mtoto. Alifunzwa kushusha hasira yake, kupanga matumizi ya nyumba, kumsifu mtoto anapofanya jema. Nyumba ikatulia.

Ndipo ninapoikumbuka tena kutasa. Mtu mzima mwenye kinyongo, aliyechoshwa na ukame na madeni, hawezi kumpa kijana utulivu asiokuwa nao. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya elimu ya msingi tangu mwaka 2013, na katiba ya 2010 inamlinda kila mtoto dhidi ya adhabu za kikatili, ila fimbo haijatoka mikononi mwa wengi. Fimbo ya asubuhi hufunga mdomo wa jioni. Hakuna mwanafunzi atakayemweleza mwalimu yaliyo moyoni mwake ikiwa mwalimu huyo alimwaibisha gwarideni. Mafunzo yanayostahili jina hilo yawape watu wazima kwanza nafasi ya kuyasema yao: walivyolelewa, walivyopigwa, wanachokiogopa. Mtu ambaye hajawahi kusikilizwa hajui kusikiliza kunafananaje.

Kuna vikwazo vingine vitatu. Cha kwanza ni siri. Katika mtaa mdogo, linalosemwa asubuhi hufika sokoni jioni, na mtoto aliyetangazwa mara moja hatasema tena. Cha pili ni kigumu kutamka: kwa baadhi ya matineja, mtu mzima wa karibu ndiye anayewaumiza. Kwa hiyo wanaofunzwa wachujwe, na kila mmoja ajue kwamba habari za dhuluma dhidi ya mtoto hupelekwa kwa afisa wa watoto au polisi, hazisuluhishwi kwa mbuzi barazani. Cha tatu ni hofu ya sheria. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia zikaficha watoto wao waliokuwa hatarini. Januari 2025 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Lawrence Mugambi, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba. Habari hiyo haijafika kila kijiji. Kila baraza la chifu na kila mimbari ingeifikisha.

Funzo la mizinga ya Sagalla

Chini ya vilima vya Sagalla, wakulima wameshirikiana kwa miaka mingi na shirika la Save the Elephants kujenga uzio wa mizinga ya nyuki. Mizinga huning'inizwa kulizunguka shamba, imeunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akigusa popote, uzio mzima unatikisika na nyuki wanatoka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha uzio huo ukiwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu katika misimu ya mazao. Lakini ukame wa mwaka 2017 ulipomaliza maua, nyuki wengi walihama, na ilichukua miaka kadhaa mizinga kujaa tena. Waya ulikuwepo, mbao zilikuwepo, ulinzi ukapungua.

Watu wazima waliofunzwa ni mizinga hiyo. Mmoja peke yake hazuii kitu. Waunganishwe: shangazi wa kibanda amjue mhamasishaji wa afya, mhamasishaji amjue muuguzi wa zahanati, muuguzi awe na namba ya mtaalamu wa Voi, na mtaalamu apokee simu. Nao walishwe, maana kazi ya kubeba machungu ya watoto humkausha mtu. Kila mmoja awe na kikao cha kila mwezi, au mara nyingi zaidi, na msimamizi wa kumsikiliza yeye, la sivyo atahama kama nyuki wa 2017.

Msingi tayari upo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya laki moja nchini, wakapewa mikoba yenye kipima shinikizo la damu na kipima sukari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanabisha hodi katika nyumba zetu. Mkoba huo hauna kipimo cha huzuni, lakini aliyeubeba ana macho na masikio. Kwa Taita Taveta, mafunzo yaanze na hao, yafuate walimu wa ushauri nasaha, kisha wale ambao matineja wenyewe watawataja wakiulizwa, "Ukiwa na shida usiyoweza kuwaambia wazazi, ungeenda kwa nani?" Yatolewe kwa Kiswahili na kwa Kidawida, Kisagalla na Kitaveta, kwa maneno ya nyumbani. Na yasianze kabla ya kujibiwa swali moja: kijana akitumwa hospitalini leo, atamkuta nani? Kumfundisha mtu kufungua jeraha bila kuandaa mahali pa kulitibu ni kumwongezea mtoto maumivu.

Kwa msomaji mwenye tineja nyumbani, usisubiri semina. Leo jioni, kabla ya kuuliza alama za mtihani, keti kando yake, uliza hali yake, kisha unyamaze ulisikie jibu. Akikuambia jambo linalokutisha, usimwache peke yake. Piga 116, laini ya kuwasaidia watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, zote bila malipo, na umpeleke kituo cha afya. Na ikiwa kuna kinyongo ulichokifunga juu ya mtoto huyo, kitoe kwanza. Wazee wa Taita walijua kwamba mtoto hapati nafuu kabla ya hapo.